Inasubiri Idhini ya Shangazi

4 Machi

Chiriku wangu,

Natumai wewe na mama yako hamjambo. Huyo baba yako simuulizii, ila kama ana lolote unaweza kuliandika chini kwa herufi ndogo, nitaliona au sitaliona. Mimi mzima. Goti linanisumbua upande ule ule, paka wa getini amezaa tena, na mwenzangu wa zamu ya mchana ameanza kuvaa miwani ya jua ndani ya kibanda, sijui anaficha nini. Tumeletewa makoti mapya ya kazi, langu mikono yake inafika kwenye kucha.

Sasa nisikilize. Jumatatu walikuja watu na ngazi kubandika tangazo kwenye lile bango kubwa linalotazamana na geti la ghala letu. Nikawatazama kama mlinzi anavyopaswa kuwatazama watu wenye ngazi. Walianzia miguuni. Nikasema moyoni, soksi hizi nazijua. Wakapanda hadi kwenye sweta la kazi, lile la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko. Nikasema haiwezekani. Wakamalizia kichwa. Chiriku, ni mimi! Mimi mwenyewe, ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, nimelala fofofo, mdomo wazi, mtu anaweza kuegesha baiskeli humo ndani. Na chini pameandikwa USINGIZI WA KWELI HAUIGIZWI, na jina la magodoro ya kampuni yenu.

Mimi naitwa Jicho. Wananiita Jicho kuanzia meneja hadi muuza karanga, kwa sababu miaka yote niliyolinda hapa hakuna aliyewahi kuniona nimesinzia. Sasa kila usiku nakaa kibandani nalinda, na mbele yangu nimelala, taa nne zimenimulika. Dereva mmoja wa lori amenichungulia dirishani akaniuliza, "Jicho, zamu ya nani leo, yako au ya yule?"

Bosi, yule tunayemwita Msumari, ameniita ofisini. Anasema sweta ni la kazi, kwa hiyo nilikuwa kazini. Nikamwambia sweta ni la baridi. Hakuelewa. Amenipa hadi mwisho wa Mei nilete ushahidi kwamba picha hiyo haikupigwa nikiwa zamu, la sivyo nikabidhi tochi na filimbi. Chiriku, mimi bila tochi hiyo ni nani? Nitakaa nyumbani nimlinde nani? Wewe ndiye unayetunza picha za hiyo kampuni. Itoe.

Usipige simu. Mchana yangu imezimwa, na sababu yake si hiyo unayoifikiria. Usiku hairuhusiwi getini. Andika.

Shangazi yako


19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika jana, ikiwa na alama ya kikombe cha chai ambayo naamini ni ya watu wa posta. Hatujambo. Mama amemaliza kushona mapazia, yametoka mafupi, anasema ndivyo alivyotaka. Jirani wetu ananunua viti kila wiki na hatujawahi kumwona mgeni. (baba mzima. daktari amemwamuru atembee jioni. anaizunguka nyumba mara moja anasema imetosha.)

Nisamehe, Shangazi. Sikukusudia. Niache nianze mwanzo.

Ofisini tuna stoo ya picha ndani ya kompyuta. Ukiibonyeza picha, pembeni hufunguka ukurasa unaoitwa Maelezo: jina la picha, ilipigwa lini, wapi, mmiliki nani, hali yake ikoje, na maneno ya kuitafutia. Kazi yangu ni kuyajaza hayo. Tulipokuwa tunafundishwa, tuliambiwa kila mtu alete picha moja ya nyumbani ya kufanyia mazoezi. Nikaleta yako. Niliikata kidogo pembeni, nikajaza. Palipoandikwa "Mmiliki" niliandika Shangazi, pamoja na sanduku lako la posta, kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kuweka jina langu chini ya uso wako. Wenzangu waliweka majina yao. Malezi hayafanani.

Kumbe Masoko, yule mkubwa wa matangazo, akatafuta neno "usingizi". Wakamjia warembo waliolala na lipstiki, wanatabasamu, nywele hazijaguswa. Ukaja na wewe. Nasikia alipiga meza. Siku hiyo mimi nilikuwa kwa daktari wa meno.

Nimejaribu kuitoa. Mfumo umenijibu kwamba mwenye mamlaka ya kubadili maelezo ni mmiliki peke yake: "Wasiliana na Shangazi." Mkuu wangu wa kitengo akajaribu, naye akaambiwa awasiliane na Shangazi. Akaniuliza Shangazi ni nani. Niliogopa, nikajibu, "Ni mkubwa." Sikudanganya, kwetu wewe ni mkubwa. Lakini yeye ameelewa kwamba ni wa makao makuu, na ameifunga tai vizuri tangu siku hiyo.

Kuna jambo jingine baya. Maelezo yanasema picha ilipigwa usiku, siku ya kazi. Hiyo ni saa niliyoipakia mimi picha kwenye mfumo, ila mashine haijui tofauti. Wewe na mimi tunajua ilikuwa mchana, siku yako ya mapumziko, sebuleni kwetu, juu ya godoro alilokutandikia mama baada ya kukuingiza kwa mlango wa jikoni. Niruhusu nimwandikie Msumari hivyo, yaishe.

Wako, Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Salamu kwa mama yako, mwambie pazia fupi ni la mtu asiye na siri. Paka amehamishia wanawe ndani ya kofia yangu ya mvua. (Kuzunguka nyumba mara moja si kutembea, ni kutafuta mlango. Usimwambie nimesema.)

Sebule gani? Mimi sijafika sebule yoyote. Umesahau nilichoapa? Siku ile ya wageni wa dada yako, mbele ya wakwe, sahani ziko mezani, baba yako alisimama na kusema kwamba dada yake akilala mabati ya nyumba hucheza. Wakwe wakacheka. Yule mzee wao akacheka mpaka akatemea mchuzi. Nikaweka kijiko chini nikaapa kwamba sitakanyaga kizingiti cha nyumba ile mpaka kaburini. Watu wote walisikia. Sasa unataka nimwambie Msumari, na Msumari awaambie madereva, na madereva wauambie ulimwengu, kwamba Jicho alikula kiapo akakitapika kwa ajili ya godoro? Afadhali nifukuzwe kwa usingizi kuliko kwa uongo. Kwanza mlango wa jikoni hauna kizingiti, una saruji tu. Lakini sikuwepo.

Nimeamua kulishughulikia mwenyewe. Neno la siri la kuingilia kwenye hiyo stoo yenu limekuja kwa posta, bahasha imeandikwa "Mheshimiwa Shangazi". Nimekwenda kwa Mama Fotokopi, yule mwenye kompyuta karibu na zahanati, nikakaa, nikajiona. Hayo maneno ya kutafutia nani kayaandika? "Mwanamke, sweta, uchovu, pango." Pango! Mama Fotokopi anasema mashine yenyewe hutazama picha na kuandika inachokiona. Nimelifuta pango. Nimefuta na uchovu. Penye jina la picha nimeandika "Mama Anayewaza". Penye maelezo nimeandika, "Mama huyu halali. Amefumba macho ili asikie vizuri."

Kisha nikarekebisha saa, nikaweka mchana. Mama Fotokopi akaichapa karatasi, nikampelekea Msumari. Akaisoma hadi chini kabisa, pale penye historia ya mabadiliko, pameandikwa "Saa imebadilishwa na: Shangazi. Leo." Akaniuliza, "Kesi ya ngedere unampelekea nyani?" Nikabonyeza Ondoa. Mashine inasema picha iliyo kwenye bango haiondoki, ila inaweza kubadilishwa kwa toleo jingine la picha hiyo hiyo. Toleo jingine ni nini?

Halafu kuna mambo mengine yanayonisubiri humo. Mito, mashuka, watu wasionijua. Chini ya kila moja pameandikwa "Inasubiri idhini ya Shangazi." Nimeyaanza.

Shangazi


15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, ila mimi silali. Samahani kwa neno hilo. (baba amepita chini ya bango lako huku mjini. mama alimtuma balbu. alisimama pale muda mrefu akarudi bila balbu, akakaa gizani akasema hakuna shida.)

Shangazi, umeyaanza kweli. Picha yako ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye folda mpya ya matangazo, na folda humrithi mmiliki wa picha ya kwanza. Kwa hiyo kila picha ya kampuni hii sasa inapita kwako. Asubuhi ya Jumatatu tumekuta umekataa kila kitu. Penye sababu umeandika, "Huyu hajalala, ana wanja." Kwa yule kijana mwenye kifua: "Mtu aliyelala hakunji misuli, anamwogopa nani?" Kwa mto mpya, ambao wahandisi wameutengeneza kwa mwaka mzima: "Umekaa kama mkate uliokaliwa."

Ofisi nzima imetetemeka. Mkuu wa kitengo ameitisha kikao, akasoma maneno yako kwa sauti, akasema haya ndiyo macho ya makao makuu. Makao makuu nao wakapiga simu kuuliza Shangazi ni wa kwetu au ni wa kwao, na hakuna upande uliotaka kuonekana haujui, kwa hiyo wote wakasema ndiyo. Sasa wapigwa picha wanatakiwa walale kwelikweli. Mmoja amelala tangu Jumanne, mpiga picha amemaliza na kuondoka, yeye bado. Masoko alisinzia mbele ya mkurugenzi, na alipoulizwa akajibu kwamba anafuata maelekezo ya Shangazi. Mkurugenzi akamsifu.

Umeuliza kuhusu toleo. Shangazi, nakuomba kama mtoto wako. Humo kwenye Maelezo bonyeza chochote unachotaka, futa, andika, kataa mito yote ya dunia. Ila pale palipoandikwa "Matoleo" usipaguse. Hapana faida. Niruhusu tu nimwambie Msumari ukweli wa mahali.

Chiriku


28 Aprili

Chiriku,

Mapokezi ya barua yako yamekuwa mazuri, paka amelalia bahasha. Goti limepoa. (Mtu anayekaa gizani mwenyewe anunuliwe balbu na watu wengine.)

Mto ule wamenitumia tena, wameupiga picha ubavuni. Nimeukubali kwa masharti.

Msumari ameongeza vituko. Alhamisi aliegesha gari lake ng'ambo ya barabara, chini ya bango, taa zimezimwa, anikamate nikisinzia. Nilimwona alipofika. Nikamwacha. Nilipopita kwenye mzunguko wangu nikamkuta kichwa kimeangukia usukani, anavuta usingizi kwa sauti, na juu yake mimi nimelala, wote wawili midomo wazi. Nikagonga kioo kwa tochi. Aliruka mpaka honi ikalia. Nikampigia saluti nikasema, "Hali shwari, bosi." Ungedhani angefuta kesi. Wapi! Aibu imemfanya mkali zaidi. Ameleta katibu wa chama cha walinzi, na mwisho wa Mei watakaa wote wawili wanisikilize. Bila ushahidi, tochi inakwenda kwa yule mwenye miwani ya jua.

Sasa hilo neno Matoleo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ni mimi. Unanificha nini?

Shangazi


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mama anakusalimu. Anasema nikuandikie methali ile, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kwamba yeye amelima miaka yote hii mpaka amechoka, sasa anataka kuvuna. Mimi simo. (baba kanunuliwa balbu. bado anakaa gizani.)

Shangazi, siwezi kueleza. Nilipewa siri na wewe, kwamba hukuwahi kufika kwetu, nikaitunza. Nikapewa na siri nyingine, nikaitunza nayo. Unajua ni kazi gani kutunza siri mbili za watu wawili walio ndani ya picha moja? Nakula nikiwa nimefunga mdomo. Ndiyo maana niliikata picha. Niliikata kwa heshima ya wote.

Mwisho wa Mei umekaribia. Nakusihi, sema tu ulikuwa wapi. Kiapo ulikiapa kwa hasira, na mzee aliyetemea mchuzi alishafariki, Mungu amrehemu. Hakuna anayekumbuka ila wewe na baba. Kazi yako ndiyo uhai wako, na mimi ndiye niliyekutia mashakani. Ukifukuzwa nitajisikiaje?

Chiriku


20 Mei

Chiriku,

Leo sina habari za paka.

Uliandika "watu wawili". Picha ina mtu mmoja, ambaye ni mimi. Nimeisoma barua yako getini, nikaisoma tena nyumbani, kisha nikaenda kwa Mama Fotokopi kabla hajafungua nikamsubiri mlangoni. Nikabonyeza Matoleo. Kulikuwa na mawili: la pili ndilo lililo kwenye bango. Nikabonyeza la kwanza.

Mama Fotokopi alidhani nimeumwa. Alinivutia kiti kingine wakati nimekalia kimoja.

Picha nzima ni pana. Mimi nimelala vilevile, na pango langu. Dirisha lile la kwenu liko wazi, pazia refu la zamani, jua la mchana limemwagika sakafuni hadi kwenye miguu yangu. Kapu langu liko pale. Na upande ulioukata amesimama kaka yangu. Amevaa nguo za kazi, shati limetoka kiunoni. Mkono mmoja ameshika blanketi lake la mistari, lile ambalo tangu utoto hakuwahi kumwazima mtu, mimi nilikuwa nikililia ananinyima. Ameinama ananifunika. Na mkono mwingine ameshika viatu vyake. Amevua viatu, Chiriku, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili asiniamshe.

Kwa hiyo alijua. Siku zote nilizopita jikoni kama mwizi, mimi mlinzi, nikijisifu kwamba hakuna aliyeniona, alijua. Na niliamka siku ile nikakuta blanketi juu yangu, nikadhani ni mama yako, sikuuliza.

Nililia hapo hapo dukani. Sioni haya kusema. Watu walikuja kutoa kopi za vyeti wakanikuta nalia mbele ya picha yangu nimelala.

Kisha nikajifuta. Palipoandikwa "Mahali", ambapo siku zote palikuwa patupu, nikaandika, "Nyumbani kwa kaka yangu." Nikabonyeza "Tumia toleo la kwanza". Mashine ikaniuliza kama nina hakika, maana mabadiliko yataonekana kila mahali. Nikamuuliza Mama Fotokopi itaniuliza mara ngapi. Akasema mara mbili tu. Nikabonyeza zote mbili.

Shangazi


1 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Wazima sote, mapazia bado mafupi.

Mabango yamebadilishwa yote, barabara kuu, vituo, hata lile la juu ya soko. Masoko alipoona blanketi alishika kichwa, kwa sababu blanketi si letu, na godoro kumbe nalo si letu, ni la wapinzani wetu. Hakuna aliyethubutu kuligusa kwa sababu hali yake imeandikwa "Imeidhinishwa na Shangazi". Sasa kampuni imeamua kuanza kutengeneza mablanketi ya mistari. Makao makuu wametenga kiti chako kwenye chumba cha mkutano, cha ngozi, na hakuna anayekikalia. Mkuu wa kitengo hukiinamia akipita.

Na sasa siandiki kwa herufi ndogo. Baba aliliona bango akiwa na mama. Alisimama. Mama anasema kwanza alisema, "Kumbe nimenenepa." Halafu akashika mkono wa mama barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu waoane, wakarudi nyumbani. Jioni akaniita. Nilidhani nitachapwa na utu uzima huu.

Siku ile nilipowapiga picha nikiwa kwenye ujia, aliniona. Aliweka kidole mdomoni, akatoka nje kwa vidole vya miguu, akaja kunivuta nyuma ya nyumba. Akasema, "Usimwambie. Akijua kwamba najua, ataacha kuja." Hiyo ndiyo siri ya pili. Kila siku yako ya mapumziko alikuwa akichelewa kutoka kazini kwa makusudi ili ulale. Siku ile alisahau miwani yake nyumbani, ndiyo akakukuta.

Jana nimemuuliza kama kweli unakoroma. Akasema yeye hajui, alikuwa akisikiliza mabati.

Andika haraka. Msumari amesema nini?

Chiriku


12 Juni

Chiriku wangu,

Sisi huku salama. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja nimempa Mama Fotokopi kwa wema wake. Mama yako mwambie akatafute kapu, mavuno yamekaribia.

Kesi imekwisha. Msumari na katibu walitoka nje wakasimama chini ya bango jipya, wakatazama jua lililomwagika sakafuni. Msumari aliuliza kama haliwezi kuwa taa. Katibu akamuuliza ni taa gani inapita dirishani na kumulika kapu. Ndipo Msumari akaniuliza yule mwenye viatu mkononi ni nani. Nikasema, "Ni kaka yangu, hapo ni kwake, nilikwenda kulala." Nilisema mbele ya madereva, mbele ya mwenye miwani ya jua, kwa sauti. Msumari akakohoa. Akasema mlinzi akipumzika kwao hana kosa, ila sweta la kazi lisivaliwe nje ya kazi. Akanirudishia tochi, aliyokuwa ameishika tangu kikao kianze. Filimbi sikuwa nimeikabidhi, niliificha.

Jina langu limebaki Jicho. Madereva hawapigi honi tena wakipita hapo, wanazima redio. Wanasema wasimwamshe yule wa juu.

Ofisini kwenu waambie kiti cha ngozi wampe aliyelala tangu Jumanne, kama ameamka. Mimi nina kazi yangu. Lakini nimebadilisha jambo moja la mwisho kwenye Maelezo. Penye mmiliki kuna nafasi ya jina la pili, nimeandika "Kaka". Kuanzia sasa kila mto na kila shuka litasubiri idhini yetu sote wawili. Wajipange, maana sisi hatujawahi kukubaliana juu ya kitu.

Jumapili nakuja. Sipiti jikoni. Nitakanyaga kizingiti cha mbele kwa miguu yote miwili, wakwe waitwe kama wanataka. Mwambie kaka yangu asivue viatu. Nitakuwa macho.

Shangazi yako